Nyamizi hakulogwa

Mwaka juzi nilikuwa naandika simulizi ya Nyamizi, binti wa ufalme ulio chini ya maji ya ziwa letu, Victoria, upande wa kisiwa cha Saa Nane hapa Mwanza, anayempenda mvuvi wa dagaa aitwaye Maduhu. Simulizi zangu nauza kwenye kundi la WhatsApp, unatuma elfu moja unapata mwendelezo. Kabla ya kuirusha sehemu yoyote huwa naichapa nisome nikiwa na kalamu mkononi, kwenye kiduka kimoja cha steshenari Makoroboi. Dada anayechapa anasoma bure. Tumeshazoeana.

Nyamizi wangu alimpenda Maduhu kufa, ila hamu ya mwili hakuwa nayo. Nami kwa ufundi wangu nikaeleza sababu: mchawi alimfunga shanga saba kiunoni akiwa mchanga. Sehemu ya 14 Maduhu anazikata, na hamu inafunguka kama bomba la maji lililopasuka. Nilijiona nimemaliza kazi.

Yule dada alinirudishia karatasi bila hata kuzibana pini. "Dada, huyu kalogwa na nani hasa? Maana mimi ndivyo nilivyo, na sijawahi kuguswa na mchawi." Nikakosa la kusema. Nilipofika mlangoni akaniita tena: "Halafu huku mbele Maduhu anavua dagaa mbalamwezi. Dagaa gani hao?" Baba yake ni mvuvi wa Igombe.

Kosa la pili nililirekebisha usiku huohuo kwa sababu halikuniuma. La kwanza lilinichukua miezi, na ushauri wangu wote kwa anayeandika mapenzi ya kifantasia umetoka humo.

Anza kwa kuondoa tiba. Fantasia ina uchawi, majini, laana na mizimu, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe: huyu hana hamu, basi kuna kitu kimemharibu, na busu la shujaa litamponya. Msomaji mwenye hali hiyo anasoma kwamba yeye ni ugonjwa unaosubiri dawa. Ndugu wa kosa hili ni kumfanya mhusika awe jini la barafu au malaika. Kama katika ufalme wako wote wasio na hamu ni viumbe wasio watu, umeshasema unachokifikiri. Na usimchanganye na sista au padri. Hao wameweka nadhiri, wamechagua. Nyamizi hakuchagua kitu.

Kundini kwangu mteja mmoja aliandika kwamba haya ni mambo ya Wazungu, watu wa namna hiyo hawapo. Nilimjibu kwa takwimu ninayoijua: mwaka 2004 mtafiti wa Kanada, Anthony Bogaert, alichambua majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza, na karibu asilimia 1 walisema hawajawahi kuvutiwa kimwili na mtu yeyote. Akanijibu, "si nimesema Wazungu?" Sawa, hapo alinipata. Lakini mimi nilikuwa na shangazi Misungwi aliyekataa posa mpaka watu wakaacha kuleta ng'ombe, na alikuwa mcheshi kuliko wote ukooni. Simpachiki jina ambalo hakulichagua. Nasema tu kwamba nilipoambiwa hawapo, yeye ndiye aliyenijia akilini.

Majina yenyewe yapo, na ni vizuri mwandishi ayatofautishe hata kama hayatatamkwa ndani ya hadithi. Aseksho havutiwi kimwili, au huvutiwa kwa nadra sana. Demiseksho huvutiwa baada tu ya moyo kuzoeana na mtu. Aromantiki haangukii mapenzini, na huyo ni mwingine kabisa. Aseksho wengi wanapenda, wanaona wivu, wanalia. Angalia demiseksho usimgeuze kuwa mbinu ya kumchelewesha msomaji, sura 20 za subira halafu mlango wa chumbani. Na baadhi ya aseksho wanalala na wenza wao, wanazaa, kwa makubaliano yao. Yaandike hayo makubaliano. Mazungumzo ya watu wawili wanaoambiana ukweli yana moto kuliko shanga zangu saba.

Sasa swali lililonikosesha usingizi: mapenzi yataonekanaje bila kitanda? Hapo ile mbalamwezi ikanisaidia. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu, hivyo mitumbwi huvutwa nchi kavu wavuvi wakapumzika. Basi siku hizo ndizo Maduhu yupo pwani. Siku hizo ndizo Nyamizi anapanda kutoka majini. Mbalamwezi ikawa furaha, giza likawa kutengana, nami nikapata mvutano wa sura nzima bila kumvua mtu nguo. Tukio la shanga nikalifuta, mahali pake nikaweka hili:

"Maduhu alikula haraka, tabia ya watu wa mtumbwini. Nyamizi akavuta kichwa cha sato, akachambua nyama ya shavu, akaiweka juu ya ugali wa udaga upande wa Maduhu. Miiba akaipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja.
'Leo unalala huku?'
'Nalala. Nalala tu.'
'Najua.'"

Mahari na mashangazi niliwaacha. Nilitamani kubuni ufalme ambao hakuna anayeuliza "mtoto lini," lakini ningekuwa nawakimbia wasomaji wangu wa Nyakato na Igoma, ambao swali hilo wanaulizwa kila Jumapili. Nyamizi naye anaulizwa. Anajibu vibaya, anagombana na mama yake, kisha wanachambua dagaa pamoja wamenuna.

Wateja wanne walijitoa kundini. Elfu nne yangu ikaenda, sikufurahi.

Nilipopeleka toleo jipya kuchapa, yule dada alisoma amesimama, mashine inaendelea kutema karatasi za mtu mwingine. Akaurudia ukurasa wa sato. Kisha akauweka kwenye fotokopi, akabonyeza, akatoa mia moja mfukoni mwake na kuitupa kwenye droo ya duka.

"Hii nampelekea mama," akasema.