Maswali ya Wasomaji: Kadi Tano, Dakika Kumi

Safari hii tumechagua barua za watu ambao siku yao imeshajaa, lakini bado wanataka kujiendeleza.

Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nimeanza kujifunza Kiingereza mara nne. Kila mara najipangia saa nzima jioni, na wiki ya pili haiishi nimeshaacha. Wateja wageni wakija naishia kuonyesha kwa vidole. Nifanyeje?

Ndugu fundi, kinachokuangusha ni hiyo saa nzima. Jioni mgongo unauma, macho yamechoka na nyumbani kuna kazi. Siku moja ikikupita unajiona umeshashindwa. Hamishia somo asubuhi bandani, lipe dakika 10 tu, na lifunge kwenye kitu unachokifanya kila siku bila kukumbushwa. Kwa fundi ni kutia mafuta cherehani. Ukishatia mafuta na kufuta kitambaa kidogo chini ya sindano, unafungua boksi la kadi kabla ya kumpokea mteja wa kwanza. Boksi likae palepale penye kopo la mafuta, kwa sababu likikaa kabatini utalisahau.

Kadi utatengeneza mwenyewe. Karatasi moja kubwa ya manila, ukiikata vipande vya sentimita 7 kwa 10, inatoa kadi zaidi ya 40. Chukua boksi la viatu na uligawe vyumba vitatu kwa vipande vya katoni. Weka na bahasha kubwa pembeni.

Upande wa mbele wa kadi andika Kiswahili, nyuma Kiingereza. Andika sentensi ya kazini kwako, si neno tupu. Mbele: *Gauni linabana kiunoni.* Nyuma: *The dress is tight at the waist.* Nyingine: *Nipunguze pindo kiasi gani?* Nyuma: *How much should I take off the hem?* Kila kadi ibebe sentensi moja. Ukiweka mbili utajibu nusu, halafu hutajua uihesabu umeipata au umeikosa. Mtu anayekijua Kiingereza vizuri akukagulie kadi kabla hujazikariri, maana kosa likishakaa kichwani kulitoa ni kazi.

Kadi mpya ni tano kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na zinaingia chumba cha kwanza. Chumba hicho unakipitia kila siku. Soma Kiswahili, sema Kiingereza kwa sauti, ndipo ugeuze. Ukipata, kadi inahamia chumba cha pili, ambacho unakifungua Jumanne na Ijumaa. Ukipata tena inakwenda cha tatu, kinachofunguliwa Jumamosi. Ukiipata na huko, iingize kwenye bahasha, na kila Jumapili uchomoe kadi kumi humo bila kuchagua. Kadi yoyote unayoikosa, hata iliyotoka kwenye bahasha, inarudi chumba cha kwanza. Kwa mpango huu siku nyingi utakuwa na kadi zisizozidi 25, na kila kadi inachukua kama sekunde 20.

Huu si ubunifu wetu. Mwandishi Sebastian Leitner aliueleza kwa Kijerumani mwaka 1972. Msingi wake ni mkongwe zaidi: mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu mwenyewe, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi kunapunguza kasi hiyo.

Yanayoharibu ni mawili. La kwanza ni pupa: wiki ya kwanza mtu anaandika kadi 30 kwa siku, wiki ya tatu boksi limemlemea. Chumba cha kwanza kikizidi kadi 20, acha kuandika mpya hadi zipungue. La pili ni kugeuza kadi kabla hujajaribu kujibu. Kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu. Ukigeuza mapema, unasoma tu.

Masikio nayo yanahitaji mazoezi. BBC Learning English wanatoa bure vipindi vya dakika 6 pamoja na maandishi yake. Kipakue kimoja kwa wiki ukisikilize ukiwa unapiga pasi, kilekile, mpaka maneno yaache kukimbia.

Nilimaliza kidato cha nne Kigoma na nataka kurudia mtihani wa fizikia na kemia. Simu ninayo, memori kadi ya GB 32 ninayo, ila bando linaisha kabla sijasoma chochote. Vitabu vya bure nitavipata wapi?

Mdogo wetu, tenganisha siku ya kupakua na siku za kusoma. Tafuta mara moja kwa wiki mahali penye intaneti ya uhakika, uingie na orodha mkononi. Ukiingia bila orodha, saa zote zitaishia kwenye video za kuchekesha.

Anza na tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Karatasi za mitihani iliyopita wengi wanazijua. Wachache wanafungua ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zinaonyesha swali kwa swali wanafunzi walikosea nini na kwa nini, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Kwa anayerudia mtihani peke yake bila mwalimu, hatujui kitu cha bure kinachofaa kuliko hicho. Jibu swali kwenye daftari kwanza, kisha ufungue ripoti.

Pili, weka Kiwix, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2007, inayokuwezesha kusoma Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti. Faili zake zina alama. *Mini* ina utangulizi tu wa kila makala, *nopic* ina maandishi yote bila picha, *maxi* ina kila kitu. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha haitaenea kwenye kadi yako, kwa hiyo chagua faili za somo moja moja. Humohumo yamo majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambapo unaunganisha saketi au kuchanganya asidi na besi kwenye skrini. Mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Angalia jambo moja kabla hujapakua. Memori kadi za GB 32 kwa kawaida huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Upakuaji utakatika njiani ingawa nafasi imebaki tele, nawe utadhani simu ni mbovu. Baki na faili zilizo chini ya kiwango hicho.

Usizisahau maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba zilizoko mikoani. Ukienda, uliza mambo matatu: ada ya uanachama, saa za kufungua, na kama vitabu vya kiada vinaazimishwa au vinasomewa pale pale.

Mimi ni nesi Nairobi, nafanya zamu za mchana na usiku. Nimeambiwa tabia hujengeka kwa siku 21. Nimefika siku ya 40 na bado najilazimisha kusoma. Je, nina kasoro?

Huna kasoro, dada. Hiyo 21 inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya. Watu wakaifanya sheria ya kila tabia. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliochapishwa rasmi mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96. Kwa waliofaulu kujenga tabia, kiwango cha kati kilikuwa siku 66, kuanzia 18 hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Tatizo lako liko kwenye saa. Anayebadilisha zamu hawezi kusema "saa tatu usiku nasoma", kwa sababu usiku mmoja yuko kitandani na mwingine yuko wodini. Fuata tendo: *nikishavua sare na kunawa mikono, nasoma kurasa mbili nikiwa nimesimama.* Sare unaivua kila zamu, iwe alfajiri au jioni. Siku ya zamu ndefu soma ukurasa mmoja na ulale.

Nasoma kurasa kumi kila siku, lakini baada ya wiki sikumbuki hata kichwa cha sura. Msomaji, Bujumbura.

Punguza ziwe tano. Ukimaliza, funga kitabu na uandike mistari mitatu kwa maneno yako bila kuchungulia, halafu fungua uone ulichoacha na ukiongeze kwa kalamu nyekundu. Kesho yake, kabla ya ukurasa mpya, soma ile nyekundu tu.