Maswali ya wasomaji: Bahari ndani ya chumba cha makumbusho

SWALI: Tuna chumba cha mita 6 kwa 8 katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe. Tungependa mgeni akiingia azungukwe na picha za bahari na majahazi. Tumejaribu projekta moja: picha ni hafifu, na vivuli vya watu vimejaa ukutani. Tufanyeje?
Msomaji, Lamu

JIBU: Anzeni na ukuta mmoja, ule wa mita 8. Kuta zote nne mara moja ni kutupa fedha kabla ya kuijua kazi. Projekta tatu zinatosha, kila moja ikitoa picha ya upana wa mita 2.96, na picha jirani zikipishana kwa asilimia 15, yaani kama sentimita 44. Bila kupishana, mstari wa maungio utaonekana daima.

Vivuli vinaondoka mkichagua projekta za masafa mafupi sana. Gawanyeni umbali kutoka ukutani kwa upana wa picha: jibu likiwa 0.25, mashine inafungwa juu, sentimita 74 tu kutoka ukutani, na mgeni anasogea karibu bila kuziba mwanga. Lakini mwanga unaoshuka kwa mshazari namna hiyo hukuza kila kinundu, na ukuta wa chokaa haujanyooka hata siku moja. Msiusawazishe kwa saruji! Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, kisha ukuta unabanduka. Simamisheni fremu yenye mbao za jipsamu, mbali na ukuta kwa sentimita 5 au zaidi ili hewa ipite, na mzipake rangi ya kijivu isiyong'aa. Nyeupe hurudisha mwanga chumbani na kufifisha picha.

Kila mashine iwe na lumeni 4,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye mashine). Kwa picha ya mita za mraba 5.5 mtapata luksi zaidi ya 700, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Mwanga wa madirisha na taa nyingine ukutani usizidi luksi 70. Nunueni zote za aina moja kwa wakati mmoja, la sivyo rangi zitatofautiana. Epukeni picha za usiku wa giza totoro: projekta huvujisha mwanga hata kwenye weusi, na pale zinapopishana utaonekana ukanda wa kijivu.

Sauti nayo husahauliwa. Kuta tupu zinazotazamana huleta mwangwi. Tandikeni zulia, ning'inizeni mapazia mazito yasiyoshika moto upesi, na msizibe njia ya kutokea. Vichujio vya projekta visafishwe kila mwezi, maana vumbi na chumvi ya pwani huziua kwa joto.

SWALI: Naweza kutundika leso (khanga) za zamani katika chumba kama hicho?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo, mradi mwanga wa projekta usizifikie. Nguo hupewa luksi 50 tu, na madhara hujumlika: luksi 50 kwa saa 8 kila siku, kwa siku 300, ni luksi-saa (luksi mara saa) 120,000. Taa inayojiwasha mgeni akikaribia itapunguza sana hesabu hiyo.