Karakana ikifunguliwa, mgeni aone kazi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: chama cha ushirika cha wasanii kikitaka kufungua karakana zake kwa umma, kianze na nini? Najua wengi watajibu kwamba kianze na matangazo. Mimi naona kianze kwa kukumbuka kwamba rangi ya mafuta haikauki upesi.

Tuanze na picha ya tingatinga, yaani mtindo wa uchoraji wa Tanzania uliopewa jina la mwanzilishi wake. Marikani huwambwa kwenye fremu, hupakwa rangi ya maji nyeupe ili nyuzi zisinywe rangi ya juu, kisha hupigwa msasa mwepesi. Hufuata rangi ya chini ya picha nzima, na hiyo huachwa mpaka kesho yake. Halafu huwekwa maumbo makubwa, tembo au mbuyu, nayo husubiriwa yakauke. Mwisho ni madoa na mistari myembamba. Kazi hiyo ni ya siku tatu au nne, na sehemu kubwa yake ni kungoja. Mgeni anayekaa dakika arobaini ataona nini? Atamwona mtu ameinama akitia madoa, atapiga picha mbili, ataondoka.

Dawa yake ni kuandaa picha moja ileile mara tano, kila moja imesimamishwa kwenye hatua yake, zikatundikwa kwa mfuatano pembeni ya mchoraji. Wachongaji nao wafanye hivyo: gogo, gogo lililokatwa umbo kwa tezo, lililopita patasi, lililopita tupa, na lililosuguliwa msasa kuanzia namba 80 hadi 400. Vipande hivyo haviuzwi. Bodi iliandike hilo kwenye kumbukumbu za kikao, la sivyo mwezi wa pili utakuta kimoja kimeshauzwa.

Pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, kuchora mbele ya watu ni jambo la kawaida. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akafariki 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea hadi ushirika ukaanzishwa mwaka 1990. Mombasa nako, ushirika wa wachongaji Wakamba ulioanza 1963 una vibanda vya kuchongea na ukumbi wa kuuzia uliotengwa. Mpangilio wa kutenga ndio ningeuchagua. Mgeni apite kwenye kazi kwanza, amalizie dukani. Mambo hayo mawili yakichanganywa, kila mchoraji huwa muuzaji, brashi hukauka, na mgeni huvutwa mkono huku na huku mpaka atamani kutoka.

Sasa pesa, maana hapo ndipo vyama vinapogombana. Sanduku liwe moja, kitabu cha stakabadhi kimoja chenye nakala, na kila kazi iwe na namba ya mwanachama nyuma yake. Kisha kuna dereva au mwongozaji aliyeleta wageni, naye anataka chake. Msijifanye hamumwoni, wekeni asilimia yake, ilipwe ofisini, na ibandikwe ukutani.

Tuseme picha ni shilingi 60,000, ushirika unachukua asilimia 20 na mwongozaji 10. Mchoraji anabaki na 42,000. Marikani, fremu, rangi na thina vikiwa vimemgharimu 15,000, ujira wake ni 27,000. Mgeni akishusha bei hadi 40,000, mchoraji anapata 28,000, akitoa gharama anabaki na 13,000. Bei imepungua theluthi moja, ujira umepungua zaidi ya nusu. Kwa hiyo bei ya chini kabisa ipangwe na chama kwa kila ukubwa, na anayeishusha awe karani wa duka peke yake. Mwenye njaa ya leo asiachiwe kupatana bei ya kesho ya wenzake.

Kuhusu usalama nitataja machache ambayo watu huyapuuza. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au rangi ya mafuta vikirundikwa pembeni vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitiwe kwenye debe la bati lenye maji na kifuniko. Moto wa thina haumwagiwi maji, hivyo kizimamoto kiwe cha poda au povu. Mbele ya mchongaji ifungwe kamba, mita mbili kutoka kwenye gogo, kwa sababu tezo hurusha vibanzi. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua cha baadhi ya watu, basi kusugua kufanyike nje, upande unakoelekea upepo. Watoto wanaotaka kujaribu wapewe vipande vya sentimita 15 kwa 15 na rangi ya maji. Rangi ya mafuta haitoki kwenye sare ya shule, na mzazi atakuja kuwauliza.

Lawama nyingi huja baada ya mgeni kufika kwao. Picha ikiguswa siku ya pili huonekana kavu, lakini ndani rangi bado ni laini. Ikikunjwa mapema hugandana, na ikifunguliwa hubanduka. Andikeni nyuma tarehe ya kumaliza, na isiviringishwe kabla ya wiki moja; wakati wa masika ongezeni nyingine. Iviringishwe kwenye bomba pana la karatasi ngumu, upande wa rangi ukiwa nje, juu yake karatasi isiyonata ya kuokea keki. Nailoni hapana, hung'ang'ania rangi. Anayeondoka kesho auziwe iliyokwisha kukaa, hata kama anaipenda ile mbichi iliyo kwenye fremu.

Kinyago nacho hupasuka kikitoka kwenye unyevu wa pwani kwenda kwenye nyumba yenye hita. Mti mbichi na kiini cha gogo ndio wakosaji wakubwa. Magogo yapakwe nta kwenye ncha na yakae kivulini miezi kadhaa kabla ya kuchongwa. Na kwa kuwa wako wanaopaka mti mwepesi dawa ya viatu na kuuita mpingo, wekeni ndoo ya maji mlangoni: kibanzi cha mpingo huzama, cha mti mwepesi huelea. Wageni hupenda jaribio hilo, na muuzaji wa uongo wa jirani hukosa la kusema.

Anayenunua vinyago vingi aelezwe pia kuhusu CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mpingo umo kwenye orodha ya pili ya mkataba huo tangu Januari 2017, lakini vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja haviombewi kibali cha mkataba. Karani awe na mizani. Mnunuzi akizidisha, kibali kitafutwe kabla ya kufunga kasha, kwani kasha likishafika bandarini bila karatasi, anayepigiwa simu ni chama.