Pedi za breki za diski za baiskeli: kwa fundi anayeanza kazi Tanga

Kabla hujaenda dukani Ngamiani, chomoa pedi ya zamani uende nayo mkononi. Kwa mbali pedi zote zinafanana, lakini bati la nyuma lina umbo lake kwa kila kalipa (kifaa kinachoshika pedi na kubana diski), hata ndani ya kampuni moja. Breki ya Shimano MT200 inavaa pedi ya B05S. B01S na B03S zina umbo lilelile, zinaingia bila shida. Pedi ikigoma kwa milimita moja usiipige tupa ili ikae. Itakwama ndani na kusugua diski muda wote.

Halafu soma diski. Nyingi za bei nafuu zimeandikwa RESIN PAD ONLY, yaani zinataka pedi za resini tu. Chuma chake ni laini, ukiziwekea pedi za chuma zinalika upesi. Diski ya Shimano ikiwa mpya ina unene wa milimita 1.8, ikifika 1.5, itoe.

Diski ikikubali aina zote mbili, muulize mteja anapita wapi. Wa Chumbageni hadi Raskazone resini inamtosha: haina kelele na inashika hata ikiwa baridi. Anayepanda Amani kutoka Muheza, au kuteremka Lushoto hadi Mombo, mpe za chuma. Tope la masika linaitafuna resini, na mteremko mrefu unaichemsha mpaka uso wake unang'aa na kuteleza. Ila mwambie mapema kwamba za chuma hupiga kelele zikilowa.

Pedi uliyoitoa iangalie vizuri, maana inakuonyesha ugonjwa. Imelika kwa mshazari? Kalipa haijakaa sawa na diski. Moja nyembamba, mwenzake nene, kwenye breki za mafuta: pistoni moja, kile kipande kinachosukuma pedi, imekwama. Kwenye breki za waya, nyingi husukuma pedi ya nje tu, na ya ndani lazima uisogeze kwa skrubu yake kadiri inavyolika. Uso ukiwa mweusi wenye utelezi, pedi imenywa mafuta. Hiyo itupe. Kuichoma jikoni ni kupoteza muda, mafuta yameshaingia ndani. Diski isafishe kwa spiriti na kitambaa kipya. Mafuta ya taa yanaacha utando, na utando huo ndio utakaoua pedi mpya. Tafuta pia chanzo: mafuta ya mnyororo yaliyorushwa ovyo, au pistoni inayovuja. Kama inavuja, usifunge pedi mpya kabla ya kuitengeneza.

Shimano wanasema badilisha pedi kitambaa chake, yaani sehemu inayosugua diski, kikibaki milimita 0.5. Kwa anayeteremka milima, usisubiri hapo. Badilisha ikibaki 1.

Wakati wa kufunga, zirudishe kwanza pedi za zamani ndani, kisha rudisha pistoni taratibu, pistoni zisije zikakwaruzwa. Gurudumu likiwa nje, mkono wa breki usiguswe. Hapa pwani chumvi inaila pini inayoshikilia pedi. Ikiwa na kutu, weka mpya.

Pedi mpya haishiki vizuri siku ya kwanza. Mteja akafanye mazoezi barabara tambarare: aende kama kilomita 20 kwa saa, abane polepole mpaka mwendo wa miguu bila gurudumu kufunga, aachie, arudie mara 20 kwa kila breki. Akimaliza hapo ndipo umruhusu kwenda mlimani.