Chupa ya tatu ilisema nini?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ungekuwa wewe ndiye unayemteua mkuu wa mamlaka ya mazingira, sifa gani ungeitazama kwanza? Najua wengi watataka msomi aliyebobea, wengine mcha Mungu. Sina ugomvi nao. Mimi ningemtafuta mtu asiyeogopa kubandika ratiba yake ya miadi na majibu ya vipimo ukutani, asome yeyote apitaye.

Nimekuwa karani wa korona miaka 19, katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Kwa asiyeijua, korona ni mtambo unaoponda jani la mkonge na kubakiza singa, yaani zile nyuzi. Katika jani zima singa ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki ni makapi na maji, tena maji mengi, kwani kinu hunywa maji kutwa. Hutoka ya kijani, yakilala mferejini hugeuka meusi na kunuka uchachu unaokufuata hadi mezani. Ukiyakanyaga, miguu inawasha mpaka usiku wa manane. Msimu wa kazi nyingi yalikuwa yakishuka mpaka kijitoni, na asubuhi unakuta visamaki vimeelea matumbo juu.

Wanakijiji wakalalamika, wakaja maofisa wawili na kijana wa maabara. "Shikamoo mzee," akaniambia yule kijana, akaniomba nimshikie boksi. Akachota chupa tatu: ya kwanza juu ya kinu, ambako maji ni safi, ya pili mdomoni mwa mfereji, ya tatu kule chini kwenye kivuko ambako kina mama hufulia. Akaziandika namba, na mimi kwa tabia ya ukarani nikazinakili kwenye kaunta buku langu, na saa pia. "Majibu tutawaletea, mzee." Wakubwa wakaingia kwa meneja, wakanywa chai, wakaondoka. Sisemi walihongwa. Sikuona, na chai ni chai. Nasema tu kwamba majibu hayakuja. Tulipofuatilia, ofisi moja ikatutuma nyingine, na ile nyingine ikatuambia majibu ni ya mwenye kiwanda, si ya kijiji.

Ndiyo maana nilipopata kusoma habari za William Ruckelshaus wa Marekani, nilisoma kama anayesoma barua ya ndugu. Huyu hakuwa mwanasayansi, alikuwa mwanasheria. Alianzia chini, katika jimbo la Indiana, akiisimamia kisheria bodi ya afya ya jimbo, na alishiriki kuandika sheria yao ya hewa ya 1961. Desemba 1970 akawa mkuu wa kwanza wa mamlaka ya mazingira ya taifa, EPA, na siku hizo hizo za mwanzo akaipa miji ya Atlanta, Detroit na Cleveland miezi sita irekebishe mambo ya majitaka yake. Mwaka 1973, akiwa Wizara ya Sheria, alijiuzulu badala ya kumfukuza mwendesha mashtaka aliyekuwa akimchunguza Rais Nixon. Mwaka 1983 EPA ikapatwa na kashfa, mkuu wake akaondoka, akaitwa tena yeye.

Alifanya nini cha kwanza? Aliwaandikia wafanyakazi waraka kwamba ofisi itaishi kama samaki ndani ya chombo cha kioo, na kwamba ratiba yake ya wiki, na za wasaidizi wake wakuu, zitawekwa wazi kwa umma. (Sisi wa Tanga samaki tumezoea kumwona kwenye tenga, lakini nadhani tumeelewana.)

Mtaniambia hata kwetu wakubwa wakiamua, jambo huwa. Kweli. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, rambo, ilipigwa marufuku, na pale Ngamiani nilishuhudia wauza nyanya wakihangaika na vikapu. Lakini rambo linaonekana. Mgambo analiona, jirani analiona, hata mtoto anaweza kulisemea. Kilichomo ndani ya maji ya mfereji kinaonekana na mwenye maabara peke yake, na akinyamaza yeye, sisi wengine tumebaki na harufu, na harufu haiendi mahakamani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Ni sheria nzuri, nimeisoma mwenyewe kwa miwani ya kuazima. Ila mwanakijiji atasimama mbele ya hakimu ameshika nini? Mkurugenzi Mkuu wa NEMC, baraza letu la taifa la mazingira, huteuliwa na Rais, kwa hiyo sisi wa kivukoni hatuna la kuchagua. La kuomba tunalo: kila chupa iliyochotwa kijijini, jibu lake lirudi kijijini, libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtendaji, hata kama ni aibu kwa mwekezaji, hata kama ni aibu kwetu tuliolalamika bure.

Kaunta buku ninalo bado. Chupa namba 3, kivukoni, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mbele yake niliacha nafasi ya kuandika majibu.

Karani mstaafu, Mikanjuni, Tanga