Bibi Shamba Anajibu: Mdogo Anang'oa Kila Ninachopanda

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano, mdogo miwili na nusu. Tumepanga Tabata na uani ni saruji tupu. Nilipanda mchicha kwenye beseni bovu ili wanangu wajifunze kulima. Ulipochomoza tu, mdogo akaung'oa wote. Baba yao anasema tungoje wakue. Nifuate ushauri wake?
Mama Nasra, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msingoje. Mtoto wa umri huo akiona kitu kinatoka udongoni lazima akivute ajue kimeshikwa na nini. Tafadhali asichapwe kwa hilo. Badilisha mboga. Miche ya mchicha ni laini mno kwa vidole vyake, lakini matembele yanavumilia.

Mwombe jirani mwenye tuta akukatie marando, yaani mashina ya matembele yanayotambaa. Yakate vipande vya urefu wa shubiri moja na nusu hivi, nyofoa majani ya chini, fukia vifundo viwili au vitatu. Mdogo akichomoa kipande, kirudisheni pamoja, mwagilieni, kitashika tena. Baada ya mwezi hivi majani yatafaa kuchumwa, na hayahitaji kisu. Achume yeye mwenyewe, na siku hiyo pika alichochuma, hata kama ni kiganja kimoja tu.

Chombo kiwe kiroba au ndoo ya mafuta ya kula, iliyotobolewa matundu chini; bila hayo, mvua za masika zitaozesha mizizi. Changanya udongo debe mbili kwa debe moja la samadi iliyooza vizuri, isiyonuka tena. Samadi mbichi huunguza mizizi, tena si ya kushikwa na watoto. Wakimaliza, wanawe kwa sabuni.

Mkubwa anafaa kupewa kunde. Tumia zile za jikoni. Mbegu za pakiti zilizopakwa rangi zina dawa, zisifike mikononi mwa mtoto. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, litoboe chini, litie udongo, kisha muoneshe mwanao jinsi ya kuchomeka kunde pembeni kabisa, igusane na kopo. Siku chache tu ataona mzizi mweupe ukishuka, kisha shingo iliyopinda ikisukuma udongo, inyooke huku ganda likining'inia kwenye jani. Hapo utaitwa kila dakika, nawe uende ukaangalie. Ila kunde kavu ziwekwe mbali na mdogo, maana watoto wa umri wake huzisukumiza puani.

Kwa kumwagilia, toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari wa moto. Maji yatatoka kidogo kidogo, hata akiikamua kwa nguvu zake zote. Ndoo ya maji usiiache wazi uani hata kwa muda wa kupokea simu: mtoto mdogo huzama kwenye maji machache sana.

Vidukari wakiingia kwenye kunde, wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Dawa ya dukani usipulize kabisa, kwani hao wadogo watachuma jani na kulitia mdomoni papo hapo.

Mchicha wako usiuache. Weka beseni juu ya ukuta, mbegu zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane. Baba yao naye mwombe atoboe ndoo, na kunde zikianza kutambaa awafungie watoto kamba hadi kwenye nondo za dirisha.