Dawa imeisha, kitepe cha malaria bado chanya: ni usugu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi katika zahanati wilayani Uvinza, Kigoma. Mtoto wa miaka 4, kilo 16, alimaliza dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini). Siku ya 9 mama yake kamrudisha. Homa hana, anacheza, ila kitepe kimetoa mistari miwili. Tunasikia kuna usugu wa malaria kwa dawa Kagera. Umeshafika kwetu?

Jibu: Marahaba. Kitepe hicho hakiwezi kukujibu. Vitepe vingi hunasa HRP2, protini inayoachwa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Kimelea kikishakufa, protini hukaa kwenye damu wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Tafadhali usimrudishie dawa mtoto mzima kwa sababu ya mistari hiyo.

Homa ikirudi kabla ya siku 28, hapo itakiwe slaidi ya tone nene, yaani damu kwenye kioo isomwe kwa hadubini. Rangi ya Giemsa ya 10% kwa dakika 10 hadi 15, maji ya pH 7.2, yakiwa na asidi vimelea havishiki rangi, msomaji akavipita. Hesabuni vimelea hadi mfikishe chembe nyeupe 200, kisha zidisheni kwa 40: vimelea 50 ni 2,000 kwa mikrolita. Vile vyenye umbo la mundu msivihesabu, maana hubaki hata dawa ikiwa imefanya kazi.

Muulizeni mama pia jinsi alivyompa dawa. Kilo 16 ni vidonge 2 kwa dozi, dozi 6: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, nyingine kila baada ya saa 12. Lumefantrini isipopata mafuta haifyonzwi vizuri, na uji mtupu hautoshi. Kigoma mawese hayakosekani. Mboga iliyoungwa nayo, karanga au maziwa vinafaa. Akitapika ndani ya saa moja, dozi irudiwe.

Usugu wenyewe upo. Badiliko la R561H kwenye jeni ya kimelea iitwayo kelch13, ambalo kwa Afrika lilijulikana kwanza Rwanda, limebainika Karagwe, Kagera. Artemisinini, kundi la dawa ambamo artemetha imo, huua vimelea hao polepole, hata saa 72 zikipita bado wanaonekana. Lumefantrini ndiyo inayowamalizia, na hofu yangu kubwa ni siku nayo itakapolemewa.

Hadubini haioni badiliko hilo. Lazima jeni isomwe. Matone ya damu huwekwa kwenye karatasi ya chujio kabla ya dozi ya kwanza, na tena homa inaporudi. Karatasi ikauke kivulini usiku kucha, kisha kila moja iingie mfuko wake wa zipu wenye silika ya kufyonza unyevu. Ikifungwa mbichi hupata ukungu na DNA huharibika. Maabara hulinganisha pia jeni za msp1 na msp2, ambazo hutofautiana kati ya kimelea na kimelea, za sampuli zote mbili: zikifanana, kimelea cha zamani kimerudi, zikitofautiana, mtoto ameumwa na mbu mwingine. Kwa mkoa wenye mbu kama wenu, bila sampuli ile ya kwanza hamtaweza kutofautisha. Ongeeni na mratibu wa malaria wa wilaya kabla hamjaanza kukusanya.